Mzigo wa Chifu Omburo

Sogeeni, wanangu, na mwacheni mtoto alie, kilio chake hakinizuii kusema. Stanley mwanangu, vua kofia ukae nikuone. Bonface mjukuu wangu, usinisimamie mlangoni kama askari wa kodi. Nawe Risper, mkewe, mnyonyeshe huyo mtoto huku ukisikiliza, maana nitasema juu ya jina lake. Nikinyamaza katikati msidhani nimelala, nitakuwa navuta pumzi.

Wiki nzima mmegombana nyuma ya ukuta huu mkidhani masikio yangu yametangulia kufa. Stanley, unataka mtoto aitwe Omburo, jina la babu yako chifu, na kaburi lake lijengwe kwa saruji na kuandikwa Kiongozi Mpendwa, na ukiambiwa aliyoyatenda unajibu kwamba zama zake zilikuwa hivyo, mtu wa jana hapimwi kwa mizani ya leo. Bonface, mwalimu wa historia wa pale Rongo, wewe unasema alikuwa kibaraka wa wazungu na kaburi lilimwe, lipandwe miwa. Nyote mnapiga kelele juu ya mtu ambaye hamkumpikia uji. Mimi nilimpikia.

Mnajua mimi Bhoke ni Mkuria kati yenu Wajaluo, ila hamjawahi kuniuliza nilifikaje hapa. Baba yangu Matiko alitoka Ntimaru akaomba pa kulima, Omburo akampa kile kipande cha mtoni, tukawa jodak, watu wanaokaa kwenye ardhi ya wengine na kushukuru kila asubuhi. Vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipokuja, serikali ilimdai chifu wanaume wa kubeba mizigo. Omburo akawaficha wanawe wakubwa milimani, akawatoa wageni na mayatima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, nikamwona baba akipita amefungwa kamba shingoni. Hakurudi, wala mfupa wake haukurudi.

Sasa, Stanley, mizani ya leo ni ipi? Siku ileile mama yangu alisimama kwenye lango la boma hili akamwambia Omburo mbele ya watu, "Umemtoa mume wangu kwa sababu hana ndugu hapa, na unajua ni vibaya, ndiyo maana hunitazami." Na kweli hakumtazama. Hukumu hiyo haikuletwa na vitabu vya Bonface, ilitolewa siku hiyohiyo, naye aliisikia akainamisha kichwa.

Bonface, usitabasamu. Njaa ilipoingia, Omburo huyohuyo alifungua ghala akawalisha wajane wa wale aliowatoa, mpaka wanawe mwenyewe wakalala na njaa. Mifupa yangu hii ilikua kwa mtama wake. Nikaja kuolewa na mwanawe wa mwisho, nikawa namletea mzee uji, akiupokea kwa mikono miwili, macho chini. Nilimchukia, wanangu. Na alipokufa nililia mpaka sauti ikakauka, na hadi leo sijui nilikuwa namlilia nani. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa anakuja. Tangu Risper ajifungue, nikifumba macho tu, hata mchana, yupo. Risper naye amemwota, na mnasema marehemu anataka jina lake lirudi, ndivyo desturi ilivyo. Lakini hamkutuuliza anakujaje. Anakuja na sanduku la askari kichwani, kamba shingoni, nyayo zimepasuka, na jina lake halitaji. Ananiambia, "Bhoke, nitue mzigo." Nanyosha mikono haifiki. Naogopa, wanangu, kwa sababu huko aliko ndiko ninakokwenda.

Basi shikeni haya. Kaburi la Omburo lisilimwe wala lisipakwe saruji, liachwe na nyasi zake, na mtoto akiuliza aambiwe kamba na mtama kwa pamoja, asifichwe kimoja. Kipande cha mtoni, Stanley, si chetu, ni cha baba yangu. Nenda Ntimaru ukamwite Machuki, mwana wa ndugu yangu, umwonyeshe mipaka mbele ya wazee. Na pale ilipokuwa nyumba ya baba chimbeni kaburi, mzike tunda refu la mti wa yago badala yake, kama Wajaluo wanavyomzika aliyepotea bila mwili. Mtalibeba kichwani, wewe na Bonface, mkipokezana, mkianzia kaburini kwa Omburo hadi mtoni. Hapo ndipo mtakapomtua Omburo.

Mtoto aitwe Matiko. Mtasema hilo si jina la Kijaluo. Ni kweli si la Kijaluo, na ndilo lililomfungisha baba yangu kamba.

Risper... maji kidogo. Nataka kuwatemea mate ya baraka na kinywa kimekauka. Haya. Mkae pamoja. Mzae, mlime, mvune, na Mungu asiwape kamwe uwezo wa kuchagua ni mtoto wa nani atakayekwenda.

Mlete hapa, nimwite mwenyewe. Matiko... Matiko wa Ntimaru...

Bado analia? Najua desturi, mtoto asiponyamaza hutafutiwa jina lingine. Msitafute, wanangu. Mwacheni alie. Katika boma hili... Matiko hajawahi kuliliwa.