Vinyungu Kumi na Viwili: Maisha ya Marehemu Efraimu Ngimbudzi, Aliyeleta Maji Makambako

Shilingi mia nne na themanini hazifutwi kwa shilingi ishirini, Bwana Marcelino, karani wa Kamati ya Maji ya mji wetu huu, hizo ishirini ulizonitia mkononi asubuhi hii uani, mbele ya akina mama wanaopika, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Lukas, hilo la vinyungu liruke kwenye historia, leo ni siku ya msiba." Nilikujibu pale pale kwamba siliruki, nawe ukaongeza neno, ukasema, "Basi ni deni la marehemu, maana yeye ndiye aliyewapa watu mkono." Rambirambi yako imeandikwa daftarini, ahsante, na sasa nitasoma maisha ya kaka yangu yote, tangu mwanzo, ili kabla udongo haujarudishwa kila aliyesimama hapa ajue deni hilo ni la nani.

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, kamwene.

Marehemu Efraimu Ngimbudzi alizaliwa mwezi wa tatu mwaka 1909, siku yenyewe haikuandikwa, akabatizwa Kidugala siku ya Pasaka, tarehe 11 Aprili mwaka huo huo, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Filemoni na Mama Ema, na mimi Lukas ndiye niliyemfuata.

Alianza shule ya misheni mwaka 1917, akaacha, akaanza tena, kwa sababu vita viliwaondoa walimu na kuwarudisha wachache, hata hivyo alimaliza darasa la nne mwaka 1924, na jioni alinifundisha mimi herufi kwa kijiti juu ya majivu ya jikoni, kwa maana mimi sikuketi darasani hata siku moja, nilibaki na ng'ombe, kwa hiyo nikisoma vibaya leo msimlaumu yeye.

Mwezi wa Februari 1928 aliajiriwa kibarua katika barabara ya Iringa hadi Njombe, na mwaka 1932 akawa mshika mnyororo wa mpima ardhi wa serikali, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, akitembea kwa miguu kutoka Njombe hadi Matamba na Ipelele, akilala kwenye baridi ambayo hata viazi huilalamikia, na huko alijifunza kuisoma ardhi kuliko wengi waliosomea, akawa anatuambia, "Maji hayabishani na mtu, yana njia yao, wewe tangulia ukayangoje."

Tarehe 7 Oktoba 1933 alifunga ndoa na shemeji yangu Esteria, aliyeketi hapa mbele, Mungu akawajalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Lucia, Filemoni, Jeni na Kristina.

Mwaka 1946 alihamia hapa Makambako, wakati huo palikuwa na maduka saba, upepo, na kisima kimoja, na kila mtu alijenga alipotua mzigo wake, mlango ukielekea popote. Mwezi wa Machi 1951 mvua ilibomoa barabara, ikazoa vyoo vya juu ikavimwaga kisimani, na ndani ya mwezi mmoja tulizika watoto saba, mmoja wao mwanangu. Baada ya mazishi ya mwisho Efraimu alichonga vigingi, akaanza kupima mji ambao haukuwepo, nyumba hapa, njia pale, na kando ya njia mtaro wa futi nne, watu wakamcheka, "Efraimu, mtaro huu ni wa tembo?" naye akajibu, "Ni wa wajukuu wako, wewe ruka tu."

Kutoa maji kwenye chemchemi ya bondeni, maili mbili na nusu, kuyaweka kwenye tangi na kuchimba mitaro kulihitaji shilingi elfu tisa, na hapo ndipo wengi walitaka kwenda kulala, lakini kaka yangu alikaa na Bwana Shauri wa wilaya siku tatu akitumia maharage kuonyesha mafungu, theluthi moja ikatoka serikalini, theluthi moja katika hazina ya kodi, na theluthi ya mwisho tukachanga wenyewe, duka shilingi sitini, nyumba shilingi sita, na asiye na fedha alitoa siku za kazi, tukachimba kwa mgowe, kazi ya pamoja, ukoo kwa ukoo, Walutheri tukinywa togwa, na wengine wakinywa vitu ambavyo Mchungaji hakuviuliza.

Pale penye chemchemi palikuwa na vinyungu kumi na viwili, nanyi mnajua kinyungu ni nini, ndicho kishamba cha bondeni kinacholisha nyumba kiangazi ghala likiisha, mtu hakitoi kwa maneno matupu. Efraimu alisema vifungwe vyote, jembe lisiingie tena, na miti ya miwati isipandwe pale ingawa magome yake yana bei, kwa sababu, alisema, "Mwati hunywa kuliko wageni wa harusi." Kamati ikakubali, ikaandika katika kitabu chake tarehe 9 Agosti 1952 kwamba kila mwenye kinyungu atalipwa shilingi arobaini siku maji yatakapotoka bombani, ikamtuma Efraimu akawape watu mkono wa ahadi kwa niaba yake. Yeye alitumwa, Bwana Marcelino, na mwandiko wa ukurasa ule ni wako.

Maji yalitoka tarehe 3 Oktoba 1953, mwaka uliofuata ukawa wa ukame, visima vya vijiji vya jirani vikakauka, Makambako ikanywa, na mvua ya mwaka 1956 ilipokuja kwa hasira ilipita katika ule mtaro wa tembo ikaenda zake, hatukuzika mtoto hata mmoja.

Sitampaka mafuta marehemu, alikuwa mkaidi, kalavati la sokoni alilipanua bila kuuliza mtu, gharama ikazidi kwa shilingi mia mbili na kumi, Kamati ikakasirika, nayo ilikuwa na haki ya kukasirika, lakini aliuza ng'ombe wawili akalipa yote, stakabadhi zimo katika mkebe wa chai ninao hapa, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba fedha za vinyungu zilimezwa na kalavati. Ada ya bomba imekusanywa miaka mitatu na zaidi, imenunua mabati ya ofisi na baiskeli mbili, na wenye vinyungu wameambiwa mwakani, mwakani.

Kumbe kila mavuno Efraimu alikuwa akipeleka debe moja la mahindi kwenye kila nyumba kati ya zile kumi na mbili, kimya kimya, shemeji Esteria akidhani wadudu wanamaliza ghala, mpaka siku aliposimama mlangoni akamkuta anapima, akamuuliza, "Baba Lucia, unamlisha nani?" naye akajibu, "Nalisha mkono wangu, niliutoa."

Tarehe 2 Mei mwaka huu wa 1957 aliingia kwenye maji ya baridi kuzibua mdomo wa bomba, jioni akashikwa na kichomi, tarehe 6 tukampeleka hospitali ya misheni, akatibiwa kwa bidii, akapata nafuu, akazidiwa tena, na Jumanne tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na miaka arobaini na minane.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia wiki tano, mwenye lori aliyemleta nyumbani bila kudai nauli, vibarua wenzake waliochimba kaburi katika udongo huu mgumu, na majirani waliotuletea kuni na maji bila kukatika.

Sasa desturi yetu, anayemdai marehemu aseme. Jana mjane Oktavia, mwenye kinyungu cha kwanza pale chemchemini, alikuja kwangu na wenzake kumi na mmoja, akasema, "Efraimu hatumdai, tumekula madebe yake. Kinyungu changu mnakinywa ninyi nyote kila siku, wanaokinywa ndio walipe." Mmesikia, na wao wenyewe wamesimama pale kulia.

Kaka, umepima vya kutosha, laza mkono wako, haudaiwi.

Kamati ya Maji, Jumamosi ijayo, tarehe 22 Juni, meza itawekwa penye tangi saa tatu asubuhi. Leteni shilingi mia nne na themanini.