Kofia kwenye Saitimira

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mimi ni Hellen Chenge, na leo nakaa nanyi kumkumbuka Odoyo Okech, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha Mkolani hapa Mwanza. Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio: Odoyo Okech, Baba Faith, wa Mkolani. Amefariki kwa ajali ya pikipiki. Hakuwa na abiria, na kofia yake ngumu ilikuwa mkononi.

Mkononi, wasikilizaji. Si kichwani. Ndiyo maana leo naongea kwa uchungu, mtanisamehe.

Odoyo alizaliwa Rorya, mkoani Mara, kwenye familia ya wavuvi. Yeye ziwa hakulitaka. Mama yake alimtania kwamba ndiye Mjaluo wa kwanza kuogopa maji. Akaja Mwanza, akamwoa Roza, akapata pikipiki. Wauza dagaa wa Mkolani wanamjua vizuri, maana ndiye aliyewapeleka soko la Mwaloni, kule Kirumba, na kuwarudisha na magunia yao. Alikuwa na kicheko kikubwa. Hata ukiwa ndani ya nyumba, ulijua Baba Faith amefika.

Sasa nisikilizeni. Madereva wetu wana ishara yao. Dereva aliyempita trafiki, akikutana na mwenzake anayekwenda huko, anajipiga kichwani kwa kiganja. Maana yake: vaa kofia, utaandikiwa faini. Mwenzake anaichomoa kofia kwenye saitimira, kile kioo cha pembeni inakoning'inia, anaivaa huku pikipiki inatembea. Akishampita trafiki, anaivua, anairudisha palepale. Mnawaona kila siku, na mnacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Odoyo alikuwa bingwa wa ishara hiyo. Aliwaonya wote, hata wa vijiwe vingine, hata asiowajua. Lakini kofia yake mwenyewe ilikaa kwenye saitimira. Roza ndiye aliyeinunua, kwa pesa ya maandazi anayouza, baada ya mumewe kuandikiwa faini mara mbili mfululizo.

"Nilimwambia, Baba Faith, hii nimekinunulia kichwa chako, sijamnunulia trafiki," Roza ameniambia. "Akasema, Mama Faith, joto. Kesho yake akasema, nikiivaa simsikii abiria. Kila siku sababu. Mwisho nikachoka kusema. Bora nisingechoka."

Asubuhi ile Odoyo alikuwa anarudi kutoka Kigongo, alikokuwa amempeleka abiria. Alikuwa anakaribia nyumbani. Akakutana na rafiki yake mkubwa, Luhende, wa kijiwe hicho hicho, anatokea mjini. Luhende akajipiga kichwani. Odoyo akacheka, akamwinulia dole gumba, kisha akaachia usukani kwa mkono mmoja ili achukue kofia. Mkanda wa kofia ulikuwa umejizungusha kwenye saitimira. Akavuta. Usukani ukageuka. Nyuma ya Luhende kulikuwa na lori la mchanga.

Na yule trafiki? Alikuwa ameshaondoka zake. Kofia ilikutwa kando ya barabara, haina hata mkwaruzo.

Luhende hakuonekana msibani. Watu wakaanza kunong'ona. Kumbe alikuwa amejifungia chumbani, hali, hanywi.

"Mimi ndiye niliyejipiga kichwani, dada Hellen," aliniambia. "Ningenyamaza, angeandikiwa faini. Angenitukana mpaka leo. Lakini angekuwepo."

Roza akatuma watu wamlete. Akaja, akaishia mlangoni.

"Ingia, shemeji," Roza akamwambia kutoka mkekani.

"Shemeji, mimi..."

"Ulimwonya kama mlivyozoea. Yeye angekuonya hivyo hivyo. Mazoea yenyewe ndiyo mabaya. Chukua kofia hii uivae, umsindikize mwenzio."

Mnajua bodaboda wanavyomzika mwenzao. Honi, matawi ya miti, wengine wamesimama juu ya viti vya pikipiki, vichwa wazi. Siku mwili unaanza safari ya Rorya, Roza alisimama mbele ya gari lenye jeneza, akakataa liondoke. Akapita kwa kila dereva na khanga yake ya msiba, akivuta mkanda chini ya kila kidevu, mmoja mmoja. Aliyekosa kofia alishuka, akapanda gari. Hakuna aliyebisha. Wakaenda polepole mpaka Kisesa, bila honi, Luhende mbele, analia ndani ya kofia ya rafiki yake.

Roza, pole sana. Faith mwanangu, pole. Mama yetu kule Rorya, shikamoo, na pole kwa kumzika uliyemzaa. Luhende, pole nawe, na usijifungie tena. Mungu ampumzishe Odoyo.

Na wewe dereva unayenisikiliza kijiweni, kofia yako iko wapi sasa hivi? Na wewe abiria unayeikataa kwa sababu ya nywele, nawe nakuuliza. Trafiki anakuona kwa dakika moja tu. Wanaokusubiri nyumbani wanakuhitaji siku nzima.

Jana nilipita Mkolani. Nikamkuta Luhende amesimamisha pikipiki yake, amempungia mkono dereva mmoja mpaka naye akasimama, miguu chini. Yule dereva akachomoa kofia haraka haraka, akachungulia mbele.

"Trafiki yuko wapi?"

"Hayupo," Luhende akamjibu. "Vaa."