Fomu za Mwamba Mtupu

Kifuniko cha birika kilipoanza kutetemeka gizani, mama alijua amechelewa. Alimbeba binti yake mgongoni, wakaliwahi basi la kwanza. Mumewe, mvuvi, alikuwa ametangulia kwenye mkutano wa wavuvi kuhusu kufungwa kwa bahari.

Mbele yao mzee mwenye kofia ya sufu, mvuvi naye, alikuwa akimlalamikia dada wa utafiti aliyepakata rula ya kupimia samaki.

"Mwanangu, kesho mnatufungia bahari yote, mnatuachia Mwamba Mtupu! Pale hata kaa hupita mbio, akikimbia njaa."

"Baba, fomu mlizojaza za mahali mnapovua zinasema samaki wote mnawatoa pale. Ndiyo maana mkuu wa uvuvi kapaacha wazi, msilale njaa."

Mzee akaikuna kofia badala ya kichwa. "Sasa nani atakuandikia chimbo lake la samaki, wewe ukalitangaze? Kila mtu aliandika Mwamba Mtupu."

"Wote mlidanganya?"

"Tulificha. Kudanganya ni jambo jingine."

Dada akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. "Basi leo semeni kweli, tupange upya pamoja."

"Aanze nani? Anayeanza ndiye anayenyang'anywa chimbo."

Mama akainamisha uso. Masomo ya jioni yalimpa mwandiko mzuri, na fomu ya mumewe ilipendeza kuliko zote. Kusema kungewalisha, au kungewaumbua? Hakujua, ingawa moyo ulishaanza kuelekea kusema.

Basi likasimama. Binti akainua kichwa.

"Mama ndiye aliyeandika fomu ya baba."