Kikombe cha Kreni

Kuna jambo nimelichunguza kwa miezi kumi na sijalipatia jibu: siku ile, ni nani kati yetu aliyejitanua kwanza? Benchi letu la Chaani, hapa Mombasa, ni ubao mmoja juu ya matofali, pale malori ya kontena yanapopunguza mwendo kabla ya kona. Linachukua watu watano. Menza, bondia wa uzito wa juu, kilo mia na kumi, ambaye sisi wenyewe tulimpa jina la Kreni, alikuwa akikaa katikati, juu ya tofali la ziada tulilomwekea yeye chini ya ubao. Mwaka jana akaangushwa raundi ya pili, mbele ya macho yetu, sisi tuliokwenda na gari la kukodi na ngoma. Kesho yake alipokuja kunywa kahawa, wanne tulikuwa tumeujaza ubao wa watu watano. Hakuna aliyemfukuza. Alitutazama, akavuta ndoo tupu ya rangi, akakaa hatua tano kutoka kwetu, na hapo ndipo kwake tangu siku hiyo. Basi Jumamosi iliyopita, raundi ya nane ambayo ndiyo ya mwisho, zimebaki sekunde ishirini, Kreni aliyekuwa akipigwa tangu kengele ya kwanza akamlaza mtu chini. Jumatatu alasiri alikuja na bendeji mikono yote miwili, akakaa kwenye ndoo yake. Hashim muuza kahawa akamwekea kikombe miguuni. Nasi tukaanza kubishana kama jina lake la ulingoni limerudi au halijarudi.

Wa kwanza alikuwa Mansur. Alikuwa karani wa mahakama kule Shanzu. Kazi alistaafu, hukumu hakustaafu. Tunamwita Hakimu.

— Hashim, nimiminie. Sasa sikilizeni. Mtu kapigwa raundi saba. Saba! Huo ni ushahidi. Ngumi moja ya mwisho haifuti ushahidi, yakhe.

— Buda, nokauti ni nokauti, — akasema Ronny, fundi wa simu aliyetoka Nairobi miaka mitatu iliyopita na ambaye bado tunamwita Mgeni. — Jamaa alikuwa chini. Jina limerudi.

— Jina likishatoka limetoka.

— Linaenda wapi?

Hakimu akanywa kahawa.

Tsuma akakohoa. Anauza dawa za mitishamba, kwa hiyo kwetu yeye ni Daktari.

— Mimi nasema kitaalamu. Kreni hakumpiga yule mtu. Yule mtu alichoka kumpiga Kreni. Jaribu wewe kupiga gunia la saruji dakika ishirini na moja. Utaanguka mwenyewe, gunia halijakugusa.

— Kwa hivyo bingwa ni gunia? — akauliza Ronny.

— Sikusema bingwa. Nimesema gunia halina kosa.

Nilitupa jicho kwenye ndoo. Kreni alikuwa anatazama lori likikata kona, kama mtu anayesikia habari za gunia la jirani.

— Si mniskize! — Ronny alikuwa amesimama sasa. — Ule ulikuwa mpango. Alijiacha apigwe. Raundi ya kwanza mpaka ya saba, mtego mtupu.

— Na mwaka jana, raundi ya pili?

— Hata mwaka jana! Alianguka makusudi, ndio huyu wa Jumamosi aje amdharau.

— Mtego wa miezi kumi? — Hakimu akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili ya kushangaa. — Wallahi, huyu wa Jumamosi mwaka jana alikuwa hajavaa glovu maishani mwake!

— Ndio maana nasema ile ni akili.

— Leta simu tuone.

Video ilikuwepo. Tuliinama wote wanne juu ya kioo chenye ufa. Bahati mbaya, aliyerekodi aliruka kwa furaha pale pale ngumi ilipotua, kwa hiyo tuliona Kreni akivuta mkono, kisha dari, kisha feni, kisha feni tena, kisha mtu chali.

— Rudisha nyuma, — akasema Tsuma. — Hapo. Hiyo feni inazunguka kwa kasi gani? Yule mtu aliinua macho akaitazama. Kizunguzungu hicho.

— Basi mkanda apewe feni! — akasema Ronny.

— Mimi sigawi mikanda. Mimi ni daktari.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo hakuna aliyelitamka pale. Video tuliihitaji kwa sababu hatukuona. Ukumbini tulikwenda, ila raundi ya sita Hakimu alisema tutoke mapema tusije tukakosa gari, nasi tukamfuata bila ya ubishi wowote, watu ambao hubishana hata juu ya saa ngapi. Makelele ya ukumbi yalitukuta nje, tukila viazi karai vya kukaanga.

— Tayari, Kreni kaanguka, — alisema Hakimu.

— Maskini, — nikasema mimi, na nikaongeza ukwaju.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa na haki ya kueleza ngumi ile alikuwa mmoja tu, naye hatukumuuliza.

— Wewe Maktaba, — Hakimu akanigeukia. Jina hilo nilipewa kwa kuwa nasoma sana. — Vitabu vinasemaje?

— Jambo hili lina pande mbili.

— Kwako kila kitu kina pande mbili, — akasema Hashim. — Hata chapati.

Walicheka, nami nikacheka. Hashim akamimina raundi nyingine. Ndipo akaja mama mmoja na chupa ya chai mkononi, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, amehamia Ijumaa kutoka Nakuru. Njeri. Akatusalimia, akampa Hashim chupa yake aijaze kahawa, akasimama kungoja. Akatazama huku, akatazama kule.

— Kwani huyu anakunywa kahawa aje?

— Nani?

— Huyu wa bendeji.

Tukageuka. Kikombe cha Kreni kilikuwa pale pale kilipowekwa, kimejaa hadi ukingoni, nzi anaogelea. Vikombe vya Hashim ni vidogo, havina mkono, hushikwa kwa ncha za vidole. Vidole vya Kreni vilikuwa ndani ya bendeji. Sisi tulikuwa tumeshakunywa vitatu vitatu.

Ronny akaitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimika.

— Kumbe yakuuma, Menza? — Hashim akauliza.

— Kidogo.

— Si ungesema! — Tsuma akafoka.

— Mlikuwa mnazungumza habari zangu, — akasema Kreni. — Nikaona nisiwakate.

Hakimu akasimama, akakung'uta kanzu.

— Suala la jina limeahirishwa, — akasema. — Kahawa haiahirishwi. Arudi kwenye benchi.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Tukasogea. Kila mmoja alisogea kiasi cha shibiri moja, haikupita hapo. Kreni akaja akaketi katikati, na ubao ukalia juu ya tofali lake la zamani.

Aliyeitekeleza ile sehemu ya pili ya hukumu ni Hakimu mwenyewe. Alimwaga ile iliyopoa, akachukua ya moto, akaipuliza, akapiga goti moja vumbini na kanzu yake nyeupe, akampelekea mdomoni, kiganja cha pili kikikinga matone chini ya kidevu.

— Polepole, mwanangu. Ya moto hiyo.

Ningependa kuandika kwamba ni mimi niliyemnywesha, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu naye zaidi, bega kwa bega. Lakini mkononi nilikuwa na kikombe changu cha nne, na kilikuwa hakijapoa.