Mtu wa Nne wa Jaskesjohka

Jina la marehemu limechapishwa kwenye jalada la ratiba hii, chini ya picha yake akiwa ameshika samaki. Humu ndani halitatajwa, na tunaomba mtu yeyote asilitamke mpaka wote tutakapokuwa tumetoka makaburini. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Sababu itaelezwa, maana wapo waliotoka Luleå na Stockholm ambao wanaweza kudhani familia imerukwa na akili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1948 katika kijiji cha Laukkavaara, mtoto wa pili wa Mzee Oskar na Bi Hilja. Usiku ule theluji ilifunga barabara. Mkunga alifika asubuhi akiteleza juu ya mbao zake za kutelezea theluji, akakuta mtoto keshazaliwa na baba anachemsha kahawa. Bi Hilja alipenda kusema kwamba mwanawe alikuja duniani na ugomvi na theluji, na kazi aliyoifanya baadaye haikumkanusha.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Siku hizo walimu walikataza Kifini darasani, wakitaka Kiswidi tu, na yeye hakuwa na lugha nyingine, hivyo alikaa kimya karibu mwaka mzima. Aliyemsemea ni jirani yake wa dawati, Ragnar Ylipää, mtoto mwembamba aliyekula mkate wake na wa wenzake. Mwalimu alipoita majina asubuhi, watoto wote waliitika, "Nipo." Ragnar aliitika, "Nipo, na nina njaa." Alifinywa sikio kila siku, na kila siku alirudia. Tunaomba mlikumbuke jibu hilo, kwa sababu tutalirudia.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuendesha gari la kusukuma theluji kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Norwe, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2013. Kwa hiyo rafiki zake walimwita Dereva. Hakusifika kwa mwendo wa kasi. Alisifika kwa kusafisha njia za wajane kabla hawajaamka, na ukimshukuru alikuwa anakuuliza unamshukuru kwa lipi.

Mke wake, Maj-Lis, alimpata kwa kosa la kazi. Majira ya baridi ya mwaka 1974 alilifukia gari la mwalimu mpya wa shule. Mwalimu akatoka na koleo mkononi.

"Wewe, shuka," alimwambia. "Umelizika, utalifukua."

"Kwa mikono?"

"Kwani ulidhani nitakusaidia?"

Alifukua mpaka giza likaingia, kisha akaalikwa kahawa. Walifunga ndoa tarehe 19 Juni 1976 katika kanisa hili hili, wakajaliwa mabinti wawili, Karin na Anneli. Kofia ya harusi ya Maj-Lis ilikuwa na manyoya ya ndege. Kufikia msimu wa samaki uliofuata manyoya yale yalikuwa yameishia kwenye ndoana, yamefungwa kwa uzi mpaka yakafanana na nzi, ili kudanganya samaki. Paka wa nyumba naye hakusalimika; manyoya yake yalikwenda huko huko. Maj-Lis alisema ameolewa na mwizi, na alisema hivyo huku akicheka.

Sasa tuingie kwenye kijito, maana huwezi kusimulia maisha ya marehemu ukakikwepa.

Kuanzia mwaka 1972, kila Agosti, marafiki wanne walibeba mahema na fito zao za kuvulia, wakapanda kwa miguu siku mbili hadi Jaskesjohka, mbali kupita mahali ambapo hata miti mifupi hukata tamaa. Walikuwa marehemu, Ragnar, fundi redio Börje Stålnacke, na mfugaji wa kulungu wa nchi za baridi, Heikka Labba, ambaye ukoo wake ndio ulioijua njia. Maji ya pale ni maangavu kiasi kwamba samaki mwenye tumbo jekundu huonekana kama ananing'inia hewani. Yanapita kwenye mawe mchana kutwa, na bado ukisogea pembeni kidogo huyasikii. Marehemu alipenda ukimya ule. Ragnar alisema unamtia hamu ya kula, lakini yeye kila kitu kilimtia hamu ya kula.

Heikka alikuwa na sharti moja, alilorithi kwa mama yake. Kabla ya kuondoka, mkubwa wa msafara husimama ukingoni, hujiita mwenyewe, kisha huwaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja huitika. Ndipo watu hubeba mizigo na kushuka bila kugeuka nyuma.

"Asiyeitwa hubaki," Heikka aliwaambia. "Na asiyekuwepo haitwi."

"Mimi mke wangu huniita nisiitike," Börje akasema. "Sasa huwa nabaki wapi?"

"Kwenye kochi."

Marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa miezi michache, basi akawa mwitaji. Aliita kila mwaka kwa mpangilio ule ule: yeye mwenyewe, Börje, Heikka, Ragnar.

Jumapili ya tarehe 18 Agosti 1991 Ragnar hakuwepo. Binti yake alikuwa anabatizwa, naye alibaki nyumbani na mkewe Inga-Britt. Watatu walivua vizuri, na asubuhi ya kuondoka ukungu ulishuka hadi kwenye maji. Marehemu akasimama mahali pake, akajiita, akajiitikia.

"Börje."

"Nipo."

"Heikka."

"Nipo."

Mazoea yana taabu. Kabla hajafikiri, ulimi ukamalizia, "Ragnar."

Börje alianza kumcheka. Kisha kutoka upande wa juu wa kijito, ndani ya ukungu, si mbali, sauti ikajibu: "Nipo, na nina njaa."

Ilikuwa sauti ya Ragnar, na furaha yake yote ilikuwemo. Börje alidhani wanafanyiwa mzaha. "Toka huko, mpumbavu wewe, tumekuona," akapiga kelele. Hakutoka mtu. Heikka alikuwa ameshaweka mzigo mgongoni.

"Tembeeni," alisema. "Msigeuke. Na wewe Dereva, funga mdomo."

Walipofika kijijini walimkuta Ragnar nyumbani, mzima. Inga-Britt aliwaeleza kwamba hakutoka siku ile yote. Jambo moja tu lilimshangaza: kabla ya kwenda kanisani mumewe alikuwa mezani, kipande cha mkate kimefika mdomoni, akakirudisha kwenye sahani na kusema, "Sina njaa." Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kwa Ragnar. Alilirudia kwa miaka thelathini na miwili.

Hakuwa mgonjwa. Madaktari walimpima wakamwona salama. Aliendelea kwenda kazini kwenye kiwanda cha mbao, akamlea binti yake. Lakini alikula kwa saa, kwa kuambiwa, jinsi mtu anavyotia kuni kwenye jiko. Utani ulimwisha. Ukimpa mkono, wake ulikuwa baridi hata katikati ya Julai. Inga-Britt alimwambia marehemu, bila hasira, "Mume wangu ninaye, lakini si kamili." Maneno hayo yalimchoma marehemu kuliko tusi lolote, na tangu siku ile hakuweza tena kula mbele ya Ragnar.

Kumrudisha rafiki yake mzima ndiyo ikawa kazi yake ya pili, na ya pili haikuwa na likizo. Kila Agosti alipanda. Alisimama ukingoni akaita, "Ragnar, twende nyumbani," na kila mwaka alijibiwa kutoka juu ya kijito kwa furaha ile ile, na hakushuka mtu. Alimwachia mkate mwembamba na nyama kavu juu ya jiwe. Mwaka uliofuata alivikuta palepale, vimekauka, na hata kunguru hakuvidonoa. Kilichomtisha zaidi, alimwambia Maj-Lis, ni kwamba sauti haikuzeeka.

Mwaka 1994 walimpeleka Ragnar mwenyewe. Alivua vizuri, hakulalamika. Asubuhi ya kuondoka marehemu akaita jina lake. Ragnar, aliyekuwa amesimama karibu naye, akajibu kwa sauti yake kavu, "Nipo." Na kule juu sauti ikamalizia, "Na nina njaa."

Ragnar alitazama upande ule kwa muda. "Ni nani yule?" akauliza. "Mbona nadhani ninamfahamu?"

Wenzake walimshika mikono wakashuka naye, na hawakumpeleka tena.

Heikka Labba alifariki mwaka 2009. Kabla hajaaga dunia marehemu alikwenda kumwona, akamwuliza kama mama yake aliacha neno lolote la kufungulia jambo lile.

"Pale uliita mtu wa nne na hakuwepo," Heikka akamjibu. "Mahali pale pameshika ulichopapa. Hapana ubaya, panatunza tu. Patamwachia Ragnar akibaki mwingine, na mwingine lazima abaki kwa hiari yake, asiitwe."

"Basi ni rahisi."

"Kwa aliye karibu kufa ni rahisi. Wewe una mabinti. Nenda nyumbani, Dereva."

Alikwenda nyumbani. Aliwaoza mabinti, akawashika wajukuu, akastaafu. Tunaandika hivi ili Karin na Anneli wajue kwamba alisubiri kwa ajili yao.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kushindwa. Alilazwa mara mbili, mara ya mwisho mwezi Mei mwaka huu, na daktari alimwambia ukweli kwa upole. Yeye alimshukuru kama mtu aliyepewa siku ya likizo. Mwezi Agosti alimwomba Börje wapande pamoja kwa helikopta, kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa. Maj-Lis alimfungia begi. Aliona kwamba mumewe hakutoa nguo za kurudia, akalifunga hivyo hivyo. Alitueleza hilo wiki iliyopita, na alilia alipotueleza.

Yaliyotokea pale tunayapata kwa Börje. Walivua kwa siku mbili. Marehemu alikaa juu ya jiwe akarusha nzi wake, wa mwisho mwenye manyoya ya kofia ya harusi, akamtoa samaki mkubwa kuliko wote aliowahi kushika. Ndiye huyo wa kwenye jalada. Baada ya picha alimrudisha majini. Asubuhi ya Jumapili tarehe 20 Agosti 2023 ukungu ulishuka, na helikopta ikawa inasubiriwa.

"Leo uite wewe," alimwambia Börje. "Ujiite mwenyewe, kisha Ragnar. Mimi usiniite."

"Usinitanie, mzee."

"Miaka hamsini umenitania wewe. Leo zamu yangu."

"Na mimi nikiropoka jina lako je? Unanijua."

"Ukiropoka nitaitika, Börje, na itabidi turudie tena na huu moyo hauna marudio. Shika ulimi wako mara moja tu maishani."

Börje akasimama ukingoni. Akajiita, akajiitikia. Kisha akaita, "Ragnar," na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1991 hakujibu mtu. Badala yake akasikia kokoto zikikanyagwa kutoka juu ya kijito, hatua za mtu mwenye haraka. Zikampita karibu kabisa, na harufu ya moshi na samaki wa kuchoma, zikashuka bondeni. Hakugeuka mpaka aliposikia helikopta. Marehemu alikuwa ameegemea jiwe, ufito magotini, ameshakata roho. Wengine wanasema Börje alisikia mvumo wa damu masikioni mwake. Börje anawakaribisha wakasimame pale.

Asubuhi hiyo hiyo, Laukkavaara, Ragnar alikuwa amekaa jikoni akisubiri kuambiwa ale. Aliinua kichwa kama aliyesikia mlango. Akamwuliza mkewe, "Kuna nini cha kula?" Alikula uji, akala samaki wa jana, akala jibini lililowekwa kwa ajili ya wageni, akakwangua sufuria. Kisha akaangalia mikono yake na kulia kwa sauti, akisema Dereva amebaki kule peke yake. Simu ya Börje ilikuja saa moja baadaye.

Mwili wa marehemu tumeuleta na tunauzika hapa, kando ya wazazi wake. Kilichobaki kimebaki kwa hiari yake. Ndiyo maana haitwi. Akiitwa ataitika, kwa sababu hakuwahi kukataa wito wa mtu, na nafasi yake kule itadai mwingine. Agizo hili ni jepesi kwetu sote isipokuwa kwa Maj-Lis, ambaye kwa miaka arobaini na saba alilipaza jina hilo kutoka dirisha la jikoni kumwita mezani. Amesema atalishika. Tukimwona amefumba mdomo kwa kiganja, tusimwulize.

Marehemu ameacha watu wafuatao. Mpwa wake Gunvor, anayesoma wasifu huu, atawaita, na kila mmoja aitike, "Nipo," kwa sauti ya kusikika: mjane wake Maj-Lis, mabinti Karin na Anneli, wajukuu Tuva na Joel, dada yake Hilkka, rafiki Börje Stålnacke, na rafiki Ragnar Ylipää, ambaye ataitika kwa namna yake. Baadaye kutakuwa na supu ya nyama ya kulungu ukumbini, na Ragnar ameshauliza mara tatu.

Tukimaliza kuitana tutashuka kwenye magari bila kugeuka nyuma.

Apumzike kwa amani, na asiitike.