Noeline Hatchett na Salamu za Asubuhi za Maktaba ya Coolarra

Ndugu waombolezaji, mimi ni Trevor, mdogo wake marehemu, na kusoma haya nimeachiwa mimi kwa kuwa nilibishana naye miaka sitini na sita bila kushinda hata siku moja.

Dada yetu Noeline Gaye Hatchett alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Longreach, akakulia shambani kwa wazazi wetu kati ya kondoo na vumbi, akaanza shule ya redio mwaka 1962, mwalimu akiwa mjini na yeye jikoni kwetu, jina lake likiitwa kila asubuhi, kisha tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa maktaba ya hapa Coolarra, akaolewa na Barry, mkata manyoya ya kondoo, tarehe 9 Oktoba 1978, wakajaliwa Leanne na Craig, na Barry akatutoka mwaka 2009.

Mwaka 2012 alianzisha kundi la maktaba mtandaoni, watu kumi na mmoja wanaoishi peke yao mashambani, kila asubuhi kila mmoja aseme yupo na anasoma kitabu gani, na ambaye hajasema hadi saa nne alipigiwa simu, na mzee Mervyn Stokell, aliyekaa kilomita tisini kutoka mjini, alizoea kumjibu, "Bado sijafa, Noeline, acha kiherehere!"

Halmashauri ikapenda, ikataka kundi likue, naye akalikuza hadi watu elfu moja na mia tatu, wengine wako Perth huko, upande wa pili wa nchi, na tarehe 12 Agosti 2019, dada akiwa Brisbane kupokea cheti cha kazi hiyohiyo, Mervyn hakuandika, na katika salamu zote zile hakuna aliyeona kwamba yake haipo, tukamkuta siku ya tano, ameanguka mlangoni kwake, amekufa.

Jamani, dada alivunjika moyo. Aliwatoa wageni wote, akabaki na arobaini anaowajua kwa sauti, wakubwa wakanuna, akawaambia, "Nifukuzeni, siongezi hata mmoja," na kila mwezi akamwandikia Jillian, binti wa Mervyn, kumwomba radhi, na barua zote hamsini na sita zikarudi hazijafunguliwa.

Saratani ya kongosho iligunduliwa tarehe 6 Februari 2024, akafariki nyumbani kwake tarehe 2 Mei, saa moja asubuhi, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua Mervyn.

Juzi Jillian alinipigia kuuliza saa ya mazishi, nami nikamjibu vibaya, "Unakuja kuhakikisha amekufa?", akalia, na ameniruhusu niwasomee hili: asubuhi ile baba yake alimpigia yeye, naye Jillian akaona jina kwenye simu, akajiambia atampigia akitoka kazini, akasahau, na barua za Noeline aliziogopa, akidhani ndani yake kuna lawama.

Tunamshukuru Daktari Perera na wauguzi wake, majirani mliotuletea chakula, wafanyakazi wa maktaba, na nyinyi arobaini.

Jillian amekaa kiti cha nyuma kabisa, mpisheni aje mbele akae na sisi. Nawe dada, pumzika kwa amani, maana uliyemwomba radhi miaka yote hiyo alikuwa akikuogopa wewe.