Mama Geneviève na Chumba Tulichofunga Madirisha

Baba na mama, ndugu wa kanisa, majirani, nanyi mulioacha mashamba mukuje kulia na siye, mimi ni Nicolas, mudogo wake, ule aliyebebwa sana mugongoni mwake, na jamaa imenituma nisome maisha yake, sauti ikikatika munivumilie, ni machungu.

Dada yetu Geneviève alizaliwa Bule, mu territoire ya Djugu, tarehe 14 mwezi wa tano 1969, mutoto wa kwanza wa muzee Gérard na mama Honorine, wakulima wa viazi na maharagi, ambao wote wawili wamekwisha kututangulia. Alisoma primaire kule Bule, akatumwa hapa Bunia kumaliza masomo ya ualimu, akapata diplôme mwaka 1989, akarudi kufundisha, na wale waliopita mu darasa yake wako hapa, wanajua kwamba kucha chafu ilimukasirisha kuliko hesabu mbaya.

Tarehe 22 mwezi wa nane 1992 aliolewa na Théodore, muchimbaji wa zahabu kule Mongbwalu, mutu wa kicheko na sauti nzito ya kuimba, na Mungu akawapa Blanchard na Gracia. Mwezi wa pili 2018 vita ikatufukuza Bule, tukafika Bunia na nguo za mwilini tu, na kwa sababu darasa yake ilikuwa imebaki majivu, Ebola ilipoingia akakubali kazi ya kunawisha wasafiri mikono na maji ya klore pale barabarani. Hata chef akipita na gari yake, dada alimushusha anawe kama watu wote, na akinung'unika, anarudia mara ya pili.

Hapa ndipo kilio chetu kinaanzia. Korona ilipofika, wengi walisema ni biashara ingine ya kukula pesa kama ile ya Ebola, lakini dada hakucheka, akaweka ndoo mulangoni. Mwezi wa kwanza 2021 Théodore, ambaye vumbi ya mashimo ilikuwa imekula mapafu yake, akashikwa na kikohozi na homa, na dada akaita korali ije kumwimbia na kumuombea. Aliwanawisha wote, akakataza mutu yeyote asimushike mugonjwa, akapanga kila kitu sawasawa alivyofundishwa, kisha, kwa kuwa mvula ilikuwa inanyesha na bwana yake anatetemeka, akafunga madirisha yote, wakaimba mule ndani mpaka magaribi. Ebola ilikuwa imetufundisha kuogopa mukono, na siye tukafikiri kila ugonjwa unapita mu mukono. Théodore alifariki tarehe 19, tukamuzika watu wachache, na kabla mwezi kuisha akamufuata Adolphe, muimbaji aliyeketi karibu kabisa na kitanda chake.

Muke wa Adolphe, mama Elisabeth, alikuwa rafiki ya dada tangu masomo. Alisimama mbele ya watu, akasema: "Geneviève, weye ndiye uliita bwana yangu akuje kufa." Hakumusalimia tena. Simuhukumu, mufiwa hapimi maneno, lakini ile neno dada aliibeba mpaka mwisho.

Na watu walituogopa, jamani! Kilio ya Théodore, ni kusema matanga yake, haikuwa na mukeka wala moto, majirani walipita upande mwingine wa barabara, isipokuwa mama Bibiane, muuza sombe, majani ya mihogo, aliyekuja kila siku kuketi inje chini ya dirisha na kupiga masolo, kuongea tu, na mujane, wakilia wote wawili, moja ndani, moja inje.

Infirmier mumoja wa hospitali ndiye alimuelezea kwamba ile ugonjwa inatembea mu pumzi, na dada akapiga kelele: "Walinipa klore, mbona hakuna aliyeniambia hewa?" Tangu pale alienda kanisa kwa kanisa, kilio kwa kilio, akifungua madirisha bila kuomba ruhusa, watoto wakamuita Mama Dirisha, na pasta mumoja alipolalamika kwamba baridi itawaua waumini, alimujibu: "Pasta, waambie wavae koti." Alikazania pia kwamba mufiwa asiachwe peke yake, tukae mu uwanja chini ya bâche, ile turubai, tuachane nafasi, lakini tukae. Na kila siku ya Mungu, jumapili, baada ya misa, alimuendea mama Elisabeth na kumutolea mukono, na mama Elisabeth aligeuka upande ingine, na juma iliyofuata dada alirudi.

Ile korona ya bwana yake ilimupitia yeye pia, na mapafu yake hayakupata tena nguvu. Mwezi wa kumi na moja 2024 miguu ilivimba, pumzi ikapunguka, na hakuficha ugonjwa, alijipeleka mwenyewe hospitali, waganga wakaona ni moyo, wakamupatia dawa na oxygène. Asubuhi ya tarehe 8 mwezi wa pili 2025 alimuuliza Gracia kama Elisabeth amekuja, Gracia akasema bado, mama, naye akafumba macho, akatuacha na miaka makumi tano na tano.

Tunashukuru waganga na ba infirmières waliomuhangaikia, walimu wenzake, korali, mama Bibiane ambaye hatuna la kumulipa, na nyinyi majirani, ambao mara hii mumekuja.

Jana, wakati wa kumuosha, mama Elisabeth aliingia. Hakusalimia mutu, alipokea kitambaa, akamuosha dada kichwa mpaka miguu, akamupaka mafuta, akashika mukono wake na hakuuachilia mpaka tulipomuomba. Alinituma niseme mbele yenu wote kwamba amesamehe, tena tangu zamani, kinywa tu ndicho kilikataa. Basi nimesema. Lakini dada, ni weye ulipashwa kuisikia.

Pumzika kwa amani, Geneviève wetu, na Mungu akuambie yeye mwenyewe, kwa kuwa siye tumechelewa.